Gari linachemsha kwenye foleni: kabla hujakubali injini ifunguliwe

*"Fundi, shikamoo. Nina gari dogo la petroli, injini ya lita 1.5, huu ni mwaka wa sita niko nalo. Miezi mitatu iliyopita lilianza kupandisha joto jioni nikiwa kwenye foleni, hasa nikiwasha AC. Likipata mwendo, mshale unarudi katikati wenyewe. Fundi wangu akatoa thamostati, akasema kwenye nchi za joto haina kazi. Tangu hapo asubuhi mshale haufiki hata robo (kazini ni mwendo wa dakika kumi), mafuta yanakwisha haraka kuliko zamani, na jioni kwenye foleni joto bado linapanda. Naongeza maji ya bomba karibu lita moja kila baada ya siku nne, na chini ya gari sioni hata tone. Juzi fundi alifungua kifuniko cha oili akanionyesha utando mweupe kama maziwa. Anasema gasketi ya silinda hedi imekwisha, lazima injini ifunguliwe. Jirani yangu ananishauri niliuze kabla halijafa. Nifanye nini?"*

Marahaba. Nimelisoma swali lako mara mbili, na jambo la kwanza ninalotaka kukuambia ni hili: usiuze, na usikubali injini ifunguliwe wiki hii. Huenda fundi wako akaja kuonekana alisema kweli. Lakini kwa hayo uliyoniandikia, ushahidi alionao hautoshi kufungua silinda hedi (kile kichwa kinachofunika silinda za injini; gasketi ndiyo inayoziba kati yake na injini), na nusu ya ushahidi huo umetokana na ile thamostati iliyotolewa, yaani kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta kupoa hadi injini ipate moto.

Nianze na maziwa, maana ndiyo yaliyokutisha.

Petroli ikiungua hutoa maji. Lita moja ya petroli huzaa takriban lita nzima ya maji, ila hutoka kama mvuke kwenye bomba la moshi kwa hiyo hatuyaoni. Sehemu ndogo ya mvuke huo hupenya pembeni mwa pistoni ikashuka kwenye oili. Injini ikifika joto lake la kazi na kukaa nalo kwa muda, unyevu huo huchemka ukaondoka kupitia paipu ya kupumulia, na oili hubaki safi. Sasa tazama gari lako. Halina thamostati, kwa hiyo linachelewa mno kupata moto. Safari ni dakika kumi, unazima. Mvuke unapanda, unakutana na kifuniko cha oili ambacho kiko juu kabisa na kimepoa, unageuka matone, unachanganyika na oili iliyorukia pale. Hayo ndiyo maziwa uliyoonyeshwa. Hata jioni joto likipanda, kifuniko hakikai kwenye moto muda wa kutosha kujisafisha.

Silinda hedi ikivujisha maji ndani ya oili, maziwa hayaishii kwenye kifuniko. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kipake kwenye kitambaa cheupe. Ukiona oili ya kawaida, nyeusi au ya kahawia, na kipimo hakijapanda, huo utando wa juu si hukumu. Ukiona kijiti kizima kina rangi ya chai ya maziwa, au oili imezidi kipimo bila mtu kuongeza, hapo maji yameingia kweli. Usiliwashe tena, hata kwa kulisogeza tu, kwa sababu oili yenye maji hailindi beringi.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii nilifungua silinda hedi ya gari la mama mmoja kwa ushahidi wa namna hii hii: maji yanapungua, utando kwenye kifuniko, joto linapanda. Nilipoibandua gasketi ilikuwa nzima pande zote, haina hata alama ya moto kupita. Nikaanza kutafuta upya, nikakuta kifuniko cha rejeta, mpira wake umekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Mama yule alikuwa amekaa siku tisa bila gari. Tangu siku ile sifungui injini kwa kutazama tu.

Kipimo kinachomaliza ubishi kipo, na ni cha dakika chache. Ni kichupa kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta, ndani yake mna dawa ya buluu. Injini ikiwa inaunguruma, hewa iliyoko juu ya maji huvutwa ipite kwenye dawa hiyo. Gasketi ikiwa inapitisha gesi ya mlipuko kwenye maji, dawa hugeuka kutoka buluu kuwa njano (kwenye injini ya petroli). Baadhi ya gereji zinacho, na fundi asiyenacho anaweza kukiazima. Usione aibu kusimama pale ukaiangalia rangi kwa macho yako. Na kama wewe mwenyewe unataka dalili ya awali kabla ya kwenda, fanya hivi: asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, bonyeza paipu nene ya juu ya rejeta, utaikuta laini. Washa gari, hesabu dakika moja, bonyeza tena. Maji hayajapata moto bado, kwa hiyo paipu haina sababu ya kuwa ngumu. Ikiwa tayari imekaza kama tairi, kuna kitu kinachosukuma gesi mle ndani na fundi wako huenda amepatia.

Sasa thamostati. Dhana kwamba nchi za joto hazihitaji thamostati imeenea sana, na naelewa ilikotoka: thamostati ikikwama imefunga, gari huchemka, na ukiitoa, siku hiyo linapona. Fundi akaona dawa, akaanza kuwapa wagonjwa wote. Lakini kazi ya kifaa hiki haihusiani na hali ya hewa ya nje. Ndani yake mna nta ndani ya kopo dogo la shaba. Nta ikipata joto la kama nyuzi 82 au 88 za Selsiasi (namba huwa imegongwa kwenye chuma chake), inayeyuka, inavimba, inasukuma mlango, na maji yanaruhusiwa kwenda kwenye rejeta. Mchana wa jua kali ni nyuzi 35 hivi. Injini inataka zaidi ya mara mbili ya hapo ili ifanye kazi yake vizuri, uwe jangwani au kwenye theluji.

Ukiitoa, kompyuta ya gari inasomewa na sensa kwamba injini bado baridi, nayo inaendelea kumwaga petroli ya ziada kama inavyofanya asubuhi. Ndiyo maana mafuta yanakwisha haraka. Halafu kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Injini nyingi zina njia ya mkato, ambako maji huzunguka ndani kwa ndani kabla thamostati haijafunguka. Thamostati za injini hizo zina sahani mbili: ya kwanza inapofungua njia ya rejeta, ya pili inaziba ule mkato. Ukishaitoa, mkato unabaki wazi saa zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Matokeo yake ndiyo hayo yako: asubuhi gari baridi kupita kiasi, jioni kwenye foleni linapanda. (Wengine watakuambia maji yanapita haraka mno hayapati muda wa kupoa. Hiyo si sababu. Maji yanayokwenda haraka hupoza vizuri tu, mradi yapite kwenye rejeta.)

Nunua thamostati mpya ya namba inayotakiwa na gari lako, na gasketi au mpira wake. Kabla haijafungwa, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, uwashe moto taratibu. Utaiona imefumba, imefumba, kisha maji yakianza kutoa vipovu vidogo pembeni mwa sufuria, mlango unajitenga polepole kama mtu anayeamka. Isipofunguka hadi maji yanachemka, irudishe dukani. Na wakati wa kuifunga, ikiwa ina kitundu chenye kipini kinachocheza, kwa kawaida kipini hicho hukaa juu ili hewa itoke. Hewa iliyonaswa kwenye mfumo husumbua kama ugonjwa kamili.

Hata hivyo, kurudisha thamostati hakutaponya foleni. Joto la foleni lilikuwepo kabla haijatolewa, na maelezo yako yananielekeza kwingine. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo wenyewe unapita kwenye rejeta. Likisimama, upepo huo haupo, kilichobaki ni feni peke yake. Gari linalochemka likisimama na kupoa likikimbia, kwa kawaida ni gari lenye shida ya upepo. Gasketi mbovu mara nyingi hufanya kinyume: husumbua zaidi ukipanda mlima au ukikimbia, wakati injini inabanwa.

Kwa hiyo nenda kwenye feni. Simamisha gari mahali wazi, breki ya mkono juu, washa AC. Kwenye magari mengi ya feni za umeme, moja au zote zinatakiwa zizunguke ndani ya muda mfupi. Usiridhike na kusikia sauti. Chukua karatasi moja ya daftari, isogeze mbele ya gari kwenye matundu ya grili, mbali na feni yenyewe. Feni inayofanya kazi inaivuta karatasi ikabandika pale na kukaa. Karatasi ikianguka, feni imechoka, au inazunguka kwa kasi ya chini tu kwa sababu kasi ya pili haipokei umeme, au, nimewahi kuliona, mtu aligeuza nyaya na feni inasukuma upepo mbele badala ya kuuvuta. Fundi wa umeme ataangalia fyuzi, relei, sensa na mota, kwa mpangilio huo, maana vya rahisi viko mwanzo.

Angalia pia katikati ya kondensa ya AC na rejeta. Vitu hivyo viwili vimesimama vikitazamana na nafasi ya vidole viwili hivi, na nafasi hiyo hujaa vumbi, majani, manyoya na wadudu hadi ikawa kama godoro. Ukitazama kwa mbele unaona kondensa safi, unadhani mambo ni mazuri. Tochi ikipitishwa kwa juu ndiyo inayosema ukweli. Isafishwe kwa maji ya nguvu ndogo kutokea upande wa injini, kwa sababu pua ya mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi yake na kumaliza kazi vibaya.

Tufike kwenye ile lita moja. Hapa ndipo ninapotaka uweke moyo wako, kuliko kwenye mshale. Mfumo wa maji wa gari umefungwa. Haunywi maji. Lita moja kwa siku nne inakwenda mahali, na kuongeza kila siku bila kutafuta ni kuahirisha. Huoni tone chini kwa sababu matone mengi yanadondokea chuma cha moto na kuyeyuka kabla hayajafika ardhini, na pia kwa sababu unatumia maji matupu, ambayo hayaachi alama. Kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) ina rangi, na inapokauka huacha ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi palepale inapovujia. Nimewahi kutafuta uvujaji wiki nzima, nikaupata nyuma ya injini chini ya kibano cha paipu: ukoko wa waridi, mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

Anza na kifuniko cha rejeta. Watu hukiona kama kizibo tu, kumbe ni vali ya shinikizo. Kimeandikwa juu yake 0.9 au 1.1 (ni bar, kipimo cha shinikizo), kutegemea gari, na maana yake ni kwamba kinazuia mvuke mpaka shinikizo lifike hapo. Maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100 (na ukipanda mlimani hupungua kama nyuzi 3 kila mita 1,000). Yakibanwa na kifuniko kizima huvumilia hadi karibu 120, na mchanganyiko wa nusu kulanti nusu maji huvuka hapo. Kifuniko kilicholegea kinaondoa ulinzi huo wote: maji yanachemka mapema kwenye foleni, yanasukumwa kwenye tangi la akiba, yanamwagika kwa juu huku unaendesha, na nyumbani hukuti kitu. Ni kati ya vifaa vya bei ndogo nilivyovitaja. Kibadilishe, kwa namba ileile iliyoandikwa.

Kisha omba kipimo cha shinikizo. Fundi anafunga pampu ndogo ya mkono kwenye mdomo wa rejeta, injini ikiwa baridi, anapampu hadi namba ya kifuniko, mnasubiri robo saa mkitazama geji. Ikishuka, maji yatajionyesha: kwenye viungo vya rejeta, kwenye paipu, au chini ya pampu ya maji ambako kuna kitundu maalumu kinachotoa tone sili ikichoka. Gusa zulia chini ya dashibodi. Likiwa na unyevu wenye harufu tamu na vioo vinapata ukungu wa mafuta, hita ndiyo inayovuja. Na kama geji inashuka lakini nje kote pakavu, zichomolewe plagi. Ile moja ikiwa safi inang'aa kuliko wenzake, kama imeoshwa, maji yanaingia kwenye silinda ile. Hapo nitakaa upande wa fundi wako bila kusita.

Kuhusu maji ya bomba: kwa kubeba joto peke yake, maji matupu ni mazuri kuliko kulanti, na anayekuambia hivyo hakosei. Tatizo ni yale mengine. Yanatia kutu kwenye chuma, yanakula alumini, na chumvi zake hujenga magamba ndani ya vijia vya rejeta ambavyo ni vyembamba tayari. Miezi mitatu ya maji ya bomba haipeleki gari kaburini, lakini uvujaji ukishazibwa, mfumo uoshwe, ujazwe kulanti ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Usinunue kwa rangi, kwa sababu kila kiwanda kina rangi zake. Ikiwa ni ya kuchanganya, tumia maji yaliyotolewa madini. Na kopo lake liwe mbali na watoto na wanyama: ni tamu ulimini, na ni sumu inayoua figo.

Dawa za kumimina za kuziba uvujaji sikushauri. Zinaziba kitundu, na zinaziba vilevile vijia vya hita na rejeta. Labda uwe umekwama mbali na msaada.

Mpaka hapo litakapopona, ukikutwa na foleni na mshale ukavuka katikati, zima AC, washa hita kwenye joto la mwisho na feni yake kasi yote, fungua madirisha. Utateseka, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Mshale ukiendelea, toka barabarani, zima. Fahamu kwamba kwenye magari mengi mshale umetengenezwa ukae katikati hata joto likicheza kidogo, kwa hiyo ukiuona umeondoka pale, hali imeshakuwa mbaya zaidi ya unavyodhani. Na mshale ukipanda halafu ukaanguka ghafla wakati gari bado linanuka moto, usifurahi: huenda maji yameisha na sensa inapima hewa.

Kifuniko cha rejeta usikiguse. Hili nakuomba kama ndugu. Maji yaliyobanwa kwenye nyuzi 115 yakifunguliwa hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni na kifuani. Subiri hadi uweze kuishika paipu ya juu kwa kiganja bila kuondoa mkono, na hiyo inaweza kuchukua zaidi ya nusu saa. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto pia. Silinda hedi ya alumini hujikunja kwa mshtuko kama huo, na gasketi nzima ikageuka mbovu.

Ikiwa mshale umefika kwenye nyekundu, ikiwa moshi mweupe unaendelea hata injini imeshapata moto, ikiwa kijiti cha oili kina maziwa, au maji ya rejeta yanabubujika bila kukoma asubuhi injini ikiwa baridi, usiendeshe. Livutwe. Na dawa ya buluu ikigeuka njano, fungua injini kwa amani, ila dai mambo mawili: silinda hedi ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma na ichongwe ikihitajika, na bolti zake zikazwe kwa kipimo na kwa mpangilio wa kiwanda. Kubadilisha gasketi juu ya hedi iliyojikunja ni kazi ya kurudiwa.

Kuhusu kuuza: gari lililopimwa lina bei yake, liwe zima au bovu. Gari lenye "labda ni gasketi" huuzwa kwa bei ya gari lililokufa, na aliyelinunua akakuta ni kifuniko na feni atakushukuru moyoni. Subiri majibu kwanza.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, jaza maji hadi kipimo, chora mstari kwa kalamu kwenye tangi la akiba, andika tarehe na kilomita. Mwambie fundi wako, kwa heshima, maana naye anataka gari lipone: "Kabla ya kufungua, tubadilishe kifuniko, turudishe thamostati, tupime feni, shinikizo na gesi." Siku nne baadaye tazama mstari, kisha niandikie maji yamekaa wapi na dawa ilikuwa na rangi gani.